Alama ya Kuuliza

Wasomaji wetu, katika vitabu vya Kiingereza mtaona alama ndogo iliyopindika kama ndoana, yenye nukta chini yake. Hiyo ndiyo alama ya kuuliza. Wengi huidhania kuwa pambo tu. Basi natutazame asili yake na kazi yake.

Mwishoni mwa karne ya 8, katika nchi za mfalme Charlemagne huko Ulaya, waandishi walionakili vitabu kwa mkono walitia nukta, na juu yake mstari uliopanda. Vitabu vilisomwa kwa sauti mbele ya watu, na alama ile ilimwonyesha msomaji mahali pa kupandisha sauti. Baadaye wapiga chapa wakaipa umbo tulijualo.

Wenyeji wa pwani yetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na katika nyaraka zao za kale msomaji aliongozwa na maneno kama je, nani na lini, si na alama. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika Masasi pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Shule za misheni zilizofuata zilifundisha herufi za Kirumi, na alama ya kuuliza ikaja pamoja nazo.

Mwingereza aulizapo, mara nyingi hugeuza mpangilio wa maneno. “Mother is well” ni habari, “Is mother well?” ni swali. Hata alama ikisahauliwa, maana yaonekana. Lakini sisi twasema “Mama amepona” kwa habari na kwa swali pia; sauti tu ndiyo ibadilikayo, na karatasi haina sauti.

Tuchukue mfano. Zamani vijana wengi wa Masasi na Newala walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Lindi. Tuseme mmoja wao alisikia kwamba mama yake amelazwa katika hospitali ya Lulindi, ambako Daktari Leader Stirling alianza kazi mwaka 1935. Akamwandikia ndugu yake wa Newala: “Mama amepona.” Alikusudia kuuliza, akatia nukta. Ndugu yule, aliyekwisha kufunga mzigo wa unga ampelekee mgonjwa, akaona ni habari njema, akaufungua mzigo. Mama akabaki akingoja chakula.

Kwa hiyo alama tuliyoipata kwa vitabu vya wageni yatufaa sisi kuliko wao. Swali likianza kwa je, alama huitia nguvu. Lisipokuwa na neno la kuulizia, alama ndiyo swali lenyewe. Ila swali lililosimuliwa, kama “Aliuliza kama mama amepona,” humalizika kwa nukta, kwa kuwa hapo mwandishi haulizi, ila aeleza. Na ndivyo ilivyo katika Kiingereza pia.

Basi kabla ya kufunga barua, tuisome tena, tutazame kila swali kama limepata alama yake.