Vitabu vya Watoto katika Milima ya Usambara

Mtu akituuliza ni lini watoto wa Usambara walipoanza kupata hadithi, tutamjibu ya kwamba hawakuzikosa hata siku moja. Hadithi zilikuwako jikoni tangu zamani, jioni, chungu kikiwa bado motoni, na mwenye kuzisimulia alikuwa bibi. Lakini akituuliza ni lini walipoanza kupata vitabu, hapo habari ni nyingine, nayo ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Husemwa kwamba maktaba ni jambo la mjini tena la juzi. Sisi twaona si hivyo kabisa, na katika makala haya twataka kuifuata njia ambayo kitabu kimepita hata kumfikia mtoto wa mlimani, maana wasomaji wetu wengi wana watoto nyumbani wajuao kusoma, nao hawana cha kusoma.

Bwana Krapf alipopanda Vuga mwaka 1848 kumwona Mfalme Kimweri, herufi zilizojulikana katika nchi hizi zilikuwa za Kiarabu, zikiletwa na watu wa pwani. Elimu ile haikumfikia mtoto wa mkulima. Katika miaka ya 1860 wamisionari Waingereza wa Universities' Mission wakafika Magila, katika nchi ya Bonde chini ya milima, na mkubwa wao mmoja, Edward Steere, akiwa Unguja, alikusanya hadithi alizosimuliwa na wenyeji, akazipiga chapa London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Hadithi zile zilikuwa za Paukwa na Pakawa, hadithi za watoto kabisa. Lakini kitabu chenyewe kilikuwa cha Wazungu wapendao kujifunza lugha. Basi tazama jambo hili: hadithi imetoka kinywani mwa bibi, imevuka bahari, imewekwa katika kitabu kizuri, na mjukuu wa yule bibi hawezi kukinunua. Jambo hilo limerudi mara nyingi katika habari hizi.

Kitabu kilichozaliwa kwetu hasa ni Habari za Wakilindi. Mwandishi wake ni Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu wa pwani, Mwislamu, aliyekaa muda mrefu kwa Semboja huko Mazinde akimwandikia barua zake, akasikia habari za ufalme kwa wenyewe. Wamisionari wa Magila ndio walioupiga chapa, sehemu kwa sehemu, mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Hatudai kwamba Abdallah aliwaandikia watoto. Walakini mwombe mtoto yeyote wa miaka kumi akusikilize habari ya Mbegha, uone kama atasinzia.

Mbegha alitoka Nguu. Meno yake ya juu yalitangulia kuota, kwa hiyo ndugu zake walimhesabu kuwa kigego, mtu wa kuleta mikosi, wakamnyima urithi. Akawa mwindaji wa nguruwe. Mtoto wa mkubwa mmoja alipokufa katika uwindaji pamoja naye, Mbegha alikimbia yeye na mbwa zake, akaishi porini, hata akapanda milima ya Usambara. Watu wa huku walikuwa wakulima, mashamba yao yakiliwa na nguruwe. Yeye aliwaua nguruwe akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya shamba. Akapita Bumbuli, akafika Vuga, na usiku mmoja akamwua simba. Kulipopambazuka watu wakaona mzoga, wakamfanya mfalme wao. Hata leo jina la Simba Mwene lajulikana kwa wazee. Mtu aliyekataliwa kwao kwa ajili ya meno amekuwa mfalme wa watu wageni! Mtoto mwenye kilema, au yatima akaaye kwa mjomba, huisikia hadithi hii kwa sikio ambalo sisi wengine hatuna.

Lakini twasema pia, mtoto akikua asiachiwe hapo. Kitabu kile kile kina habari za baada ya kufa kwake Kimweri mwaka 1862, jinsi wana wa mfalme walivyopigana, jinsi watu walivyokamatwa na kuuzwa pwani wapate kununua baruti, na jinsi Wabondei walivyoondoka wakawafukuza Wakilindi katika vita wanavyoviita Kiva. Wapo wazazi wasiopenda mambo hayo yasomwe nyumbani, wakisema yaamsha uchungu wa kale. Sisi twaona kinyume. Mtoto akisomewa nusu ya kwanza tu amepewa sifa za wafalme, hakupewa historia.

Tuendelee. Mwaka 1891 wamisionari Wajerumani wa Bethel, Johanssen na Wohlrab, walijenga Mlalo. Baadaye kidogo vikafuata vituo vya Mtae na Vuga. Hao walishika njia nyingine. Walijifunza Kishambaa, wakafundisha watoto kusoma maneno ya nyumbani kwao. Hapo likaanza shauri ambalo halijaisha: je, mtoto wa mlimani asome kwanza lugha ya mama yake, au Kiswahili, chenye vitabu vingi? Serikali ya Wajerumani ilichagua Kiswahili. Shule yake ya Tanga ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na wanafunzi wenyewe walipiga chapa gazeti la Kiongozi kabla ya vita ya 1914. Huko Vuga nako misioni ikawa na mtambo wake, na vitabu vyake vya shule na vya kanisa vilienea milimani kote. Kwa nyumba nyingi hivyo ndivyo vilivyokuwa vitabu pekee. Karl Roehl, aliyekaa Usambara miaka mingi, aliifasiri Biblia upya pamoja na Waafrika, mmoja wao Martin Nganisya, ikatoka mwaka 1937. Naye alipendelea maneno ya Kibantu kuliko ya Kiarabu, jambo lililowafurahisha watu wa bara na kuwachukiza watu wa pwani.

Vita ilipofika mlimani mwaka 1916 na Wajerumani wakaondolewa baadaye, ni walimu wenyeji walioendelea kufundisha kwa vitabu vilivyobaki, mpaka wamisionari wakaruhusiwa kurudi. Hao hawakuandikwa sana katika vitabu vya historia. Kama si wao, mnyororo ungalikatika.

Siku za Waingereza vitabu viliongezeka. Gazeti la Mambo Leo lilianza mwaka 1923. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisanifisha lugha. Na zikatoka tafsiri za hadithi za Ulaya, kama Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Suleimani, zote mbili mwaka 1929. Mtoto wa Lushoto asiyewahi kuona bahari alisoma habari za merikebu na maharamia, akaelewa. (Watu wanaodai kwamba mtoto asisome ila yale anayoyaona mlangoni kwake hawajakaa na watoto.) Walakini vitabu vile vingi vilikaa shuleni, na shuleni vilikaa kabatini, na kabati lilikuwa na kufuli. Twazijua shule ambazo ufunguo ulitoka siku ya mkaguzi tu. Hatuwalaumu walimu wale bila kufikiri: kitabu kikipotea, mwalimu ndiye aliyeulizwa, na mshahara wake ulikuwa mdogo. Ila matokeo yalikuwa kwamba kijana alimaliza darasa la nne, akarudi shambani, na baada ya miaka mitano alikuwa amesahau herufi. Nguvu zote zilizotumika kumfundisha zimepotea kwa kukosa kitabu kimoja cha kuazima.

Wakati ule ule, upande wa mashariki wa milima hiyo hiyo, kituo cha kilimo cha Amani, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kilikuwa na vitabu vingi vya wataalamu wa mimea. Mtoto wa kijiji cha karibu hakuwa na kazi navyo. Baada ya vita kuu ya pili kazi za kituo zikahamishiwa Muguga, Kenya.

Fikira ya kwamba kitabu kimfuate msomaji, wala si msomaji akitafute kitabu, ilipata nguvu mwaka 1948, ilipoundwa East African Literature Bureau, makao yake Nairobi. Ilitoa vitabu kwa lugha za wenyeji, ikapeleka masanduku ya vitabu vya kuazimwa, na watu waliweza kuazima hata kwa posta. Ni Bureau hii iliyokitoa tena kitabu cha Abdallah mwaka 1962. Tanganyika ilipokwisha kupata uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliunda shirika la maktaba la nchi nzima, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Toka hapo maktaba zikaenea mikoani, Tanga ikiwemo. Wakati ule watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Kwa kisomo cha watu wazima, na kwa kuandikisha watoto wote shuleni tangu 1977, hesabu ya serikali ya mwaka 1986 ilikuta wamebaki wapatao 10. Wasomaji walikuwa wengi kuliko vitabu. Kwa ajili hiyo mwaka 1991 ukaanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto, uliowahimiza waandishi na wachapaji kwa kununua nakala za hadithi za Kiswahili na kuzigawa shuleni.

Sasa, chumba cha watoto katika maktaba kinafanya nini ambacho shule haifanyi? Kwanza, mtoto anachagua mwenyewe, wala hatatahiniwa. Pili, anasomewa kwa sauti. Hili la pili watu hulidharau, nasi twalithamini kuliko yote, maana linarudisha sauti ya bibi ndani ya kitabu. Kusanyiko la watoto ishirini, mtu mzima mmoja na kitabu kimoja halitaki fedha nyingi. Laweza kufanyika shuleni Jumamosi, au chini ya mti baada ya ibada, pale ambapo maktaba iko mbali.

Ama juu ya vitabu vya kusomewa, twapendekeza Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, mzaliwa wa Machui karibu na Tanga, kilichotoka mwaka 1952. Ndani yake wamo ndugu waliogeuzwa manyani, wanaopigwa kila usiku na yule yule anayewahurumia, na watoto watauliza kwa nini kabla msomaji hajafungua ukurasa wa pili. Kusadikika kiwangoje mpaka wawe wakubwa. Ni kitabu cha mabishano ya baraza, nao wadogo watachoka. Habari za Wakilindi kisisomwe kwa mfuatano wote, maana kina majina mengi mno. Kama wasikilizaji ni watoto wa Bumbuli, msomaji aanze pale Mbegha anapofika Bumbuli na mbwa zake; asome mpaka nyama igawanywe, kisha afunge kitabu, na yule simba wa Vuga abaki kwa Jumamosi inayofuata.