Ziwa Moja au Matatu? Ramani ya 1856

Mwaka 1856 ilichapishwa London ramani iliyoeleweka kwa kuitupia jicho mara moja. Katikati ya Afrika Mashariki palikuwa na ziwa moja kubwa mno, refu, lililopinda kama konokono asiye na gamba. Wapo walioicheka kwa umbo hilo, lakini hawakuisahau. Wachoraji wake, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, walikuwa wamisionari Wajerumani waliokaa pwani, na ziwa lenyewe hawakuwahi kuliona.

Waliwauliza watu wa misafara. Waliotoka Kilwa walisema njia yao huishia kwenye maji makubwa. Waliopita Unyamwezi hadi Ujiji wakasema hivyo hivyo, na waliofuata njia za kaskazini pia. Sioni kama kuna aliyedanganya: wa kwanza walizungumzia Nyasa, wa pili Tanganyika, wa tatu ziwa letu, ambalo Waganda huliita Nalubaale. Kosa liliingia pale majibu matatu yalipozungushiwa mstari mmoja.

Tunafundishwa kwamba ramani nzuri ina umbo linaloshikika, majina yasiyosongamana na mistari isiyogongana. Kwa kipimo hicho ramani hii ilifaulu. Kwa maoni yangu ilikosa jambo kubwa zaidi: kumwonyesha msomaji wapi mchoraji ameona na wapi amesikia tu. Mstari wa nukta nukta ungetosha. Mfaransa d'Anville, katika ramani yake ya Afrika ya 1749, alikuwa tayari ameacha sehemu kubwa ya bara tupu kuliko kuijaza mambo ya kukisia. Nafasi tupu nayo ni taarifa (ingawa baadaye wapo walioisoma kama nchi isiyo na wenyewe).

Hata hivyo, siwezi kuidharau ramani ya konokono. Ni yenyewe iliyochochea safari ya Burton na Speke mwaka 1857. Februari 1858 walifika Ujiji. Agosti Speke peke yake akaliona ziwa la kaskazini, na konokono akakatika vipande. Ndipo mambo yakageuka: Burton sasa akashuku kwamba hata Nyanza ya Speke si ziwa moja, bali maziwa kadhaa. Ubishi huo haukwisha hadi Stanley alipolizunguka kwa mashua mwaka 1875. Miaka yote hiyo mitumbwi ya Waganda ilikuwa ikisafiri humo.