Mita Mia Nne Huanza Januari

Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuwa mkimbiaji wa mita 400, na nilijiona hodari kweli kweli. Mashindano ya shule yalikuwa mwezi Juni. Mazoezi tulianza katikati ya Mei, wiki nne tu kabla. Mwalimu wa michezo alitupanga, akapuliza filimbi, nasi tukachapa mita 400 kwa nguvu zote. Tukapumzika, tukarudia. Kesho yake vile vile. Kama ni mbio, basi kimbieni. Ndiyo ilikuwa elimu yetu yote.

Siku ya mashindano niliongoza mpaka kona ya mwisho. Hapo msuli wa nyuma ya paja ukakatika, paa! Nikamalizia kwa kuchechemea, nyuma ya wote, huku watoto wa shule ya jirani wakinicheka. Sijashindana tena tangu siku hiyo.

Sasa mdogo wangu yuko kidato cha pili, huko huko kwetu Lushoto. Mwisho wa mwaka alinijia jioni akasema, "Kaka, mwakani nataka kukimbia mia nne. Nianze lini?"

Swali dogo, lakini lilinikaa rohoni. Nilijua jinsi ya kuumia. Jinsi ya kujiandaa sikuijua. Nikaingia katika historia ya mbio hizi kutafuta jibu. Hebu nikuhadithie nilichokikuta.

Nianze na Ujerumani ya mwaka 1939. Kulikuwa na mwalimu aitwaye Waldemar Gerschler, na mwanafunzi wake Rudolf Harbig. Gerschler alikuwa na utaratibu wake: mkimbiaji akimbie vipande vifupi mara nyingi, na kati ya kipande na kipande apumzike kwa muda uliopimwa, moyo utulie kidogo tu, kisha aendelee. Mwezi Julai mwaka ule Harbig alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6 mjini Milan. Rekodi hiyo ya dunia ilidumu miaka 16. Mwezi Agosti, mjini Frankfurt, akakimbia mita 400 kwa sekunde 46.0, rekodi nyingine ya dunia. Mtu mmoja, mbio mbili, chini ya mwezi mmoja! Kumbe mia nne si mbio ya miguu mitupu. Inataka pumzi.

Hata wataalamu wa miaka ya karibuni wamelipima jambo hili. Wameona kwamba takribani asilimia 40 ya nguvu anayotumia mkimbiaji wa mita 400 hutokana na hewa anayovuta. Na pumzi, bwana, haijengwi kwa wiki nne.

Mtu wa pili ni jirani yetu kabisa, John Akii-Bua wa Uganda, askari polisi kutoka Lango. Mwalimu wake alikuwa Mwingereza, Malcolm Arnold, aliyefika Uganda mwaka 1968. Akii-Bua alikuwa akiruka viunzi katika mbio fupi ya mita 110. Arnold akamhamishia mita 400 kuruka viunzi. Mwaka 1970 kule Edinburgh, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alishika nafasi ya nne. Wengi wangesema basi, ndio mwisho wa uwezo wake. Wao wakarudi Kampala wakaanza upya kutoka chini. Akii-Bua alifanya mazoezi amevaa fulana yenye uzito, akapandisha vilima, akarudia viunzi mpaka akaweza kuruka kwa mguu wowote. Miezi hiyo hapakuwa na medali wala makofi.

Tarehe 2 Septemba 1972, kule Munich, alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ambako kona ni kali kuliko zote. Akashinda kwa sekunde 47.82. Rekodi ya dunia ya David Hemery, sekunde 48.12, ikavunjika, na Hemery mwenyewe alikuwa katika mbio hiyo hiyo akapata shaba. Watu waliona sekunde 47. Miezi iliyozizaa hawakuiona.

Lakini historia haina huruma. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya pumzi huoza! Harbig alikuwa katika ubora wake vita ilipoanza Septemba 1939. Michezo ya Olimpiki ya 1940 ikafutwa, naye akauawa vitani mwaka 1944. Akii-Bua naye alikosa michezo ya Montreal mwaka 1976, nchi nyingi za Afrika ziliposusia kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Tanzania nayo ilisusia, na Filbert Bayi wetu akabaki bila kukimbia. Katika michezo hiyo Edwin Moses wa Marekani alichukua dhahabu na kuivunja rekodi ya Akii-Bua kwa sekunde 47.64. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ukianguka, Akii-Bua alikimbilia Kenya na familia yake akawa mkimbizi. Alifika Moscow mwaka 1980, akaishia nusu fainali. Alifariki Kampala mwaka 1997, akiwa na miaka 47.

Mimi sisemi kususia kulikuwa kosa. Nasema tu kwamba kazi ya miezi mingi huweza kukosa siku yake, na mwili haukuwekei.

Wa mwisho ni Clyde Hart, aliyemfundisha Michael Johnson katika Chuo Kikuu cha Baylor, Texas. Johnson ndiye aliyekimbia mita 400 kwa sekunde 43.18 mjini Sevilla mwaka 1999. Mwanzo wa msimu Hart hakuwachapisha vijana wake mbio za kufa na kupona. Aliwapa mita 200 nyingi, za taratibu, kwa mapumziko mafupi. Wiki zikisogea, idadi ilipungua na kasi ikapanda.

Basi nikakaa na mdogo wangu, daftari mezani. Tukahesabu kurudi nyuma kutoka Juni. Januari mpaka katikati ya Machi, kabla masika haijageuza kiwanja kuwa tope, ni kazi ya msingi. Siku moja, dakika 30 za mbio za polepole barabarani. Siku nyingine, kilima cha mita 100 mara nane, kupanda mbio na kushuka kwa kutembea. Siku ya tatu, mita 200 mara kumi, akipumzika dakika mbili mbili. Ikiwa ya kumi ni ya taabu kuliko ya kwanza, ajue alianza kwa pupa. Siku zilizobaki ni kuruka kamba na mazoezi ya tumbo na mgongo, na Jumapili alale. Kila wiki ya nne apunguze kazi, mwili upate kujijenga. Mwisho wa Machi vipande vipungue, kasi iongezeke. Mwezi Mei ndipo aonje mita 300 za kasi ya shindano, kwa mapumziko marefu.

Akalitazama daftari muda mrefu. "Mbona mia nne yenyewe haimo?"

"Itakuja," nikamwambia.

"Na mashindano yakifutwa, kaka?"

Hapo sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia habari za Akii-Bua. Akanyamaza, kisha akauliza kama kilima cha nyuma ya msikiti kinatosha mita 100. Tulikwenda tukakipima kwa kamba. Kinatosha, na zaidi.

Walimu wangu wa michezo, nisameheni nikisema wazi. Kambi ya wiki mbili na jezi mpya haijengi mkimbiaji. Vilima tunavyo, tena vya bure. Ifungueni Januari. Msimfanye kijana mwingine achechemee kwenye kona ya mwisho kwa sababu ya Mei.