Mbaazi za Mlali na chakula cha Kihindi: tunachokipenda na tunachokiuza

Mkazi wa Mlali, wilayani Kongwa, anaweza kusema hajawahi kula chakula cha Kihindi, ilhali asubuhi amekunywa chai kwa chapati, jioni akanunua bajia, na Jumamosi ataalikwa harusini kula pilau kwa kachumbari. Katika makala haya tunaeleza vyakula hivyo vilitufikiaje huku bara, na kwa nini kimoja ambacho bado hatujakizoea kinamhusu sana mkulima wetu wa mbaazi.

Vilikotoka

Chapati, bajia, achari na kachumbari ni majina yaliyotoka katika lugha za India. Pilau, biriani na sambusa asili yake ni Uajemi, yakasambaa India na Uarabuni kabla ya kuzoeleka kwetu. Pwani ilivijua vyakula hivi mapema, kwa kuwa majahazi yalivuka bahari kwa pepo za kaskazi na kusi kwa karne nyingi.

Kwa mikoa ya kati, mlango mkubwa ulikuwa reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka kwenye miji ya stesheni, wakauza chumvi, sukari, vitambaa na viungo.  Kuanzia hapo kazi ilifanywa na wapishi wa hoteli, mama lishe na majirani walioonjeshana.

Bizari ya pakiti na kari

Neno kari linatokana na lugha ya Kitamil, na Waingereza ndio waliolitumia kwa karibu kila mchuzi wa Kihindi. Unga wa njano tunaouita bizari ya mchuzi kwa kawaida ni mchanganyiko wa manjano, giligilani, bizari nyembamba, uwatu na pilipili. Mpishi wa Kihindi mara nyingi hatumii unga mmoja kwa vyakula vyote. Huchagua viungo kulingana na chakula, vingine akavikaanga vikiwa vizima, vingine akavisaga. Ndiyo maana aliyezoea pakiti moja hushangaa anapoonja michuzi miwili ya Kihindi isiyofanana hata kidogo.

Chakula ambacho hatujakizoea

Huku kwetu mbaazi huchemshwa nzima, au huchanganywa na mahindi kuwa makande. Pwani huziunga kwa nazi. Wahindi hufanya jambo jingine: huziondoa maganda, huzipasua vipande viwili, kisha huzipika hadi zirojeke. Hiyo ndiyo dali, na kwa familia nyingi za India ni chakula cha kila siku.

India ndiyo nchi inayolima na kula mbaazi nyingi zaidi duniani, na mavuno yake yakipungua hununua kwetu. Mlali ni miongoni mwa maeneo ya Kongwa ambako watafiti wa mradi wa Africa RISING walishirikiana na wakulima kujaribu kilimo cha mahindi yaliyochanganywa na mbaazi. Mizizi ya mbaazi huenda chini sana, hivyo zao hustahimili ukame, na huongeza naitrojeni kwenye udongo.

Tatizo ni soko la kutegemea mnunuzi mmoja. Agosti 2017, baada ya kuvuna sana, India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka wa fedha kwa mbaazi zinazoagizwa kutoka nje, isipokuwa zile za makubaliano ya serikali kwa serikali. Bei ya Tanzania ikaporomoka hadi shilingi mia chache kwa kilo, na wapo wakulima walioacha zao shambani. Mei 2021 India ilifungua tena milango, na ruhusa hiyo imekuwa ikiongezwa kwa vipindi. Uamuzi unabaki kuwa wa Delhi.

Hapo ndipo dali inapotuhusu. Mbaazi inayoliwa nyumbani haisubiri tangazo la nchi nyingine. Takribani sehemu moja ya tano ya uzito wake mkavu ni protini, tena ina kwa wingi lisini, ambayo ni haba katika mtama, uwele na mahindi. Ugali wa mtama kwa dali ni mlo unaokamilishana, hasa kwa watoto.

Namna ya kuiandaa

Loweka mbaazi usiku kucha, chuja, zianike juani hadi zikauke kabisa. Zipasue kwa jiwe la kusagia bila kuzifanya unga, kisha pepeta maganda yatoke. Ukitaka kuhifadhi, ziweke kwenye chombo kikavu kisichopitisha hewa.

Kwa kupika, osha vikombe viwili, chemsha kwa maji mengi na kijiko kidogo cha manjano hadi zilainike, kisha zipondeponde kwa mwiko na utie chumvi. Kwenye sufuria nyingine pasha mafuta ya alizeti, tia bizari nyembamba nzima. Ikianza kulia, ongeza kitunguu, kitunguu saumu, pilipili na nyanya. Nyanya zikiiva, mimina vyote juu ya dali na ufunike dakika chache. Viungo vikikaangwa mwishoni namna hii, harufu yake haipotei katika kuchemka kwa muda mrefu.

Kwa anayeanza, debe moja likibakizwa msimu wa mavuno linatosha kujaribu kwa miezi kadhaa. Mama lishe naye anaweza kuiweka kwenye orodha yake pamoja na maharage, aone wateja watasemaje.