Gari likichemka, maji pekee si tiba

MADEREVA wanaopanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mai Mahiu kuelekea Rironi wameizoea picha hii: gari limeegeshwa kando ya barabara, boneti imeinuliwa, mvuke unafuka, na mwenyewe amesimama na mtungi wa maji mkononi. Jina Mai Mahiu lenyewe, kwa lugha ya Kikuyu, maana yake ni maji moto. Baada ya muda safari huendelea na dereva huamini kuwa shida imekwisha.

La hasha. Mfumo wa kupoza injini umefungwa pande zote na gari zima halina haja ya kuongezwa maji kila wiki. Yakipungua, kuna mahali yanapotokea, na kuyaongeza bila kupatafuta mahali hapo ni kuahirisha gharama ambayo kesho itakuwa kubwa zaidi.

Pampu ndiyo huzungusha maji kutoka kwenye injini hadi kwenye rejeta, ambako upepo na feni huyapoza. Katikati kuna thamostati, kilango kidogo kinachobaki kimefungwa hadi maji yafikie nyuzijoto 82 hadi 90 hivi za Selsiasi. Injini haitaki kuwa baridi. Hufanya kazi vyema maji yakiwa na joto la karibu nyuzijoto 90 au zaidi kidogo.

Hapo ndipo kifuniko cha rejeta, kitu ambacho wengi hukidharau, kinapokuwa na umuhimu wa pekee humu nchini. Mjini Mombasa maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzijoto 94 hivi, na kule Timboroa, penye mita zipatazo 2,700, kwa 91. Hilo ni joto la kawaida kabisa la injini. Kinachoyazuia yasichemke ni kifuniko ambacho springi na mpira wake hushikilia shinikizo ndani ya mfumo, na hivyo kupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzijoto 20 au zaidi. Mpira huo ukipasuka au springi ikilegea, gari lililotulia Pwani huanza kusumbua likifika nyanda za juu. Unaponunua kifuniko kipya, hakikisha kuwa nambari iliyoandikwa juu yake, kwa mfano 0.9 au 1.1, ni sawa na ya kile cha awali.

Shinikizo hilo hilo ndilo huwaunguza watu. Kifuniko kikifunguliwa injini ikiwa moto, maji yaliyozidi kiwango cha kuchemka hugeuka mvuke ghafla na kuruka usoni. Kitambaa kilichozungushwa mkononi hakitoshi kuwa kinga.

Mshale wa joto ukipanda ungali barabarani, zima kiyoyozi na uwashe hita hadi mwisho. Hita ni rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi. Itakutoa jasho, lakini itapunguza joto la injini. Tafuta mahali salama, simama, zima injini na uweke pembetatu za tahadhari. Subiri angalau nusu saa, hadi mpira wa juu wa rejeta ushikike bila kuunguza. Ndipo uongeze maji, tena polepole, kwa maana maji baridi mengi kwa mara moja yanaweza kupasua chuma kilicho moto.

Namna gari linavyochemka humsaidia fundi kujua pa kuanzia. Likichemka kwenye msongamano na kupoa likienda kasi, chunguza feni, fyuzi yake na rilei. Likichemka kwenye mlima au kwa mwendo wa kasi, shuku rejeta iliyoziba au mkanda uliolegea. Mpira wa juu ukiwa moto sana ilhali wa chini ni baridi, huenda thamostati imekwama. Moshi mweupe usioisha kwenye bomba la nyuma, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, ni dalili ya gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Gari la namna hiyo livutwe, lisiendeshwe.

Magari madogo mengi kutoka Japani hayana mshale, bali taa ya buluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikiwa imepata moto kupita kiasi. Taa nyekundu si onyo la kufikiria hadi kituo kijacho. Hata penye mshale, maji yakiisha kabisa kipimo huweza kushuka, kwa sababu hakina tena maji ya kupima.

Kuna desturi katika gereji zetu ya kuitoa thamostati na kuitupa, eti nchi hii ni ya joto. Injini hubaki baridi asubuhi nzima, hula mafuta zaidi na kuchakaa upesi. Katika baadhi ya injini, maji hupata njia ya mkato na kuzunguka bila kupitia rejeta vya kutosha, na gari huzidi kuchemka.

Kulanti nayo si ya nchi za theluji pekee. Huzuia kutu, hulainisha pampu na huchelewesha kuchemka. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko ndani ya rejeta. Tumia aina iliyotajwa katika kitabu cha gari, ichanganywe na maji yasiyo na madini, na usitegemee rangi kuitambua, kwa maana kila kampuni hupaka yake. Kiwango kikaguliwe asubuhi, injini ikiwa baridi, kwenye mistari ya tangi dogo la plastiki.

Wakazi wa Limuru na Nyahururu watajua mapema zaidi mambo yakiharibika: hita ikipuliza baridi huku mshale ukipanda, maji yamepungua au pampu imekufa. Vioo vikifunikwa na ukungu wenye harufu tamu, hita inavuja. Utamu huo huwavutia mbwa na hata watoto, nayo kulanti nyingi ni sumu inayoua figo. Iliyomwagika ioshwe, na iliyobaki ifungiwe mbali na chupa za soda.