Kutoka Dungu hadi Ukingo wa Bwawa

Januari, Ulaya ya kaskazini imefunikwa na theluji, na huku Mkonze, pembezoni mwa Dodoma, shamba limelowa. Mvua za Dodoma huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600. Katika miezi hiyo michache wageni hushuka: korongo weupe, mbayuwayu, na vitwitwi wa matopeni ambao baadhi yao huzaliwa karibu na Aktiki. Kipindi wanachokiita wenzetu majira ya baridi, kwa Ugogo, nchi ya Wagogo, ndicho kipindi cha jembe.

Ugogo haukungoja darubini ili kuwatazama ndege. Kabla ya bwawa lolote kulikuwa na dungu, ule ulingo wa miti shambani, na kazi ya kuamia ndege. Anayepanda dunguni alfajiri, kombeo mkononi, uwele ukikomaa chini yake, hana budi kumtambua ndege kwa mruko wake kabla hajatua. Kwelea kwelea ana gramu 20 hivi tu, lakini kwa siku aweza kula nusu ya uzito huo, hivyo kundi la milioni moja humaliza tani 10 za nafaka. Katika nchi iliyoonja Mtunya, njaa kuu iliyofuata majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua ng'ombe na chakula, kila punje ya mtama ilikuwa na thamani. Korongo hakuwa adui: chakula chake ni panzi na viwavi, masuke hayagusi.

Na wakati waamiaji walimjua korongo shambani, wasomi wa Ulaya walikuwa wakibishana anakwenda wapi. Mwaka 1822, huko Klütz, Ujerumani, aliuawa korongo aliyekuwa amechomwa shingoni na mshale wa Kiafrika wenye urefu wa sentimita 80 hivi. Alikuwa amerudi nao. Leo yuko Chuo Kikuu cha Rostock, amehifadhiwa pamoja na mshale wake.

Mabwawa yalibadilisha mambo. Zamani maji ya Ugogo yalikuja na kupotea. Mvua ikikatika, watu walichimba mchanga wa makorongo, na ndege wa majini walitegemea mabonde kama Bahi. Mwaka 1957 serikali ya kikoloni ilikamilisha bwawa la Hombolo, kaskazini-mashariki mwa mji wa Dodoma, na mwaka huo huo bwawa la Ikowa. Ziwa likatokea palipokuwa na kijito cha msimu.

Udongo nao ukaja na maji. Mwaka 1968 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Uswidi, akiwemo Anders Rapp, walianza utafiti wa mmomonyoko. Karibu na Dodoma walipima mabonde ya Ikowa, Matumbulu, Msalato na Imagi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972, na yalikuwa mabaya: mashamba na malisho ya milimani yalikuwa yakihamia ndani ya mabwawa. Kwa mkulima hiyo ni hasara mara mbili, ardhi na maji. Kwa kitwitwi, tope jipya la kina kifupi ni meza. Jambo hili linauma kidogo kulikubali, lakini ni kweli: wageni wa Aktiki wananufaika na jeraha la nchi yetu.

Kuwahesabu ndege hao kwa mpango kulikuja baadaye sana. Januari 1995 ilifanyika hesabu ya kwanza ya ndege wa majini katika maeneo oevu makuu ya Tanzania kwa wakati mmoja.

Mkonze yenyewe inabadilika. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ikawa jiji mwaka 2018, na mashamba ya kando yanageuka viwanja vya nyumba. Lakini Machi, korongo wanapopanda juu kwa miduara kwenye hewa yenye joto na kugeukia kaskazini, palipobaki uwele masuke yanaanza kujaa, na mtu na kombeo lake anapanda dunguni.