Mitaro ya Mathare: Vijana Hujifunzia Wapi Kuheshimiana?

Miradi mingi inayokusudia kuwafundisha vijana kuheshimu wasiofanana nao huanzia ukumbini na kuishia humo humo. Vijana huitwa warshani, husikiliza hotuba za umoja, kisha hurejea makwao na fulana mpya. Ninavyoona, heshima hiyo huota pale vijana wanapobeba wajibu mmoja ambao mmoja wao akiutegea, wote huumia. Chama cha michezo cha vijana wa mtaa wa Mathare, MYSA, kinatuwezesha kuupima msimamo huu.

Chama hicho kilianzishwa Nairobi mwaka 1987 na Bob Munro, raia wa Kanada. Ligi zake zina kanuni moja isiyo ya kawaida: timu hujipatia pointi kwa kushinda mechi, na hujipatia pointi vilevile kwa kuzoa taka na kuzibua mitaro ya mtaa. Mfungaji hodari akikwepa koleo, anaiangusha timu yake kwenye msimamo wa ligi. Kijana hahitaji kumpenda mwenzake wa kabila jingine ili aanze. Anahitaji afike Jumamosi asubuhi na koleo lake. Wasichana nao waliingia ligini mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika mtaa ambako kulea wadogo na kuteka maji kuliwaangukia wao.

Nadharia inaunga mkono mpango huu, ila kwa kiasi. Mwaka 1954 Gordon Allport alieleza kwamba makundi yanapokutana, chuki hupungua zaidi kukiwepo usawa wa hadhi, lengo la pamoja, ushirikiano na idhini ya wenye mamlaka. Timu ya mpira inaweza kuyatimiza yote manne. Lakini Salma Mousa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu timu zilizochanganya Wakristo na Waislamu nchini Iraki, aliona jambo la kutufikirisha: wachezaji Wakristo waliwakaribia zaidi Waislamu waliocheza nao, ila ukaribu huo haukuwafikia sana Waislamu wasiowajua.

Mathare yenyewe inalithibitisha onyo hilo kwa uchungu. Machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yaliua zaidi ya watu 1,100 nchini Kenya, na mtaa huu ulikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia vibaya, licha ya miaka ishirini ya kandanda. Mwaka uliofuata, 2008, Mathare United, klabu iliyochipuka kutoka MYSA, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu. Ni rahisi kulitumia kombe hilo kama ushahidi kwamba mchezo uliponya. Sikubali. Kombe halikumrudisha yeyote kwenye chumba alichofukuzwa kwa sababu ya jina linaloonyesha kabila lake.

Ndiyo maana nauona mtaro kuwa na uzito zaidi kuliko uwanja. Bao hufungwa kwa ajili ya timu. Mtaro ukizibuliwa, anayenufaika ni mama jirani ambaye wachezaji hawamjui hata kwa sura. Hapo wajibu unavuka mipaka ya kikosi, jambo ambalo mpira peke yake haukuweza kule Iraki. Sharti ni kwamba mipaka ya usafi isichorwe juu ya mipaka ya kabila. Baada ya 2008 baadhi ya familia zilihamia kwa watu wa kabila lao, hivyo timu ya kijiji kimoja ndani ya mtaa inaweza kuwa ya kabila moja bila mtu yeyote kukusudia. Vijiji viwili vinavyopitiwa na mtaro mmoja vipewe zamu moja na pointi za pamoja, na mfadhili anayedai orodha ya mahudhurio aulize pia vijana hao walisafisha mbele ya milango ya nani.